Nyumba Nyekundu ya Njia ya Maulidi

Wakati wa vita sisi tulisafiri sana. Karibu kila alasiri tulikuwa safarini, mama na mimi na mdogo wangu wa kiume, tumekaa juu ya mkeka mmoja katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na gunia. Nje Kindu ilikuwa imenyamaza. Treni haikuja tena. Watu waliogopa kwenda mashambani, chumvi ilikuwa kitu cha kunusa tu, na mtu akipita barabarani kwa viatu vizito sote tuliacha kupumua mpaka apite. Lakini jua likianza kuegemea, mama alitandika mkeka, akajifunga kitenge vizuri kama mtu anayetoka, akasema:

"Haya, pandeni. Maulidi haitatungojea."

Tukapanda.

Safari ilikuwa ile ile kila siku: kutoka Kindu mpaka kijiji alichozaliwa mama, kule upande wa Lokandu, ambako kabla ya vita Maulidi ilisomwa kila mwaka na watu walikuja kutoka pande zote. Mama alitupitisha njia nzima. Kwanza ulikuwa mnara wa kanisa la misioni. "Unakuwa mudogo," alisema, amekaza macho kwenye ukuta wetu wa udongo kama anauona. "Mudogo, mudogo, majani yanaumeza." Tukauaga mnara. Halafu michikichi miwili iliyoinamiana kama wanawake wanaomsengenya mtu. Nayo ilibaki, ikapungua, ikawa kama vidole. Halafu msitu ulifunga mlango nyuma yetu na Kindu haikuonekana tena. Hapo mama alipumua kwa nguvu, nasi tukapumua naye. Halafu ilifuata nyumba nyekundu.

"Ni ndefu, ya madirisha mengi sana," alisema mama. "Wenyewe ni wadogo wadogo, wako na haraka. Wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka. Unapiga hodi, hata karibu hawasemi."

"Ni watu gani, mama?"

"Ni wenyewe."

Sharti la safari lilikuwa kusalimia kila mahali. Aliyesahau alishushwa. "Haujasalimia! Shuka, rudi Kindu kwa miguu!" Mdogo wangu alishushwa mara nyingi, siku nyingine akalia machozi ya kweli, ikabidi mama arudishe safari nyuma ili kumchukua. Mwishoni tuliambiwa tunyamaze tusikilize. "Matari hayo. Bado hatujaona kijiji, lakini ngoma inatugonga mugongo." Tukatikisa mabega kama tumegongwa kweli. Kisha mama alishika mwiko wake mrefu wa pilau, akakoroga sufuria tupu, akatupakulia. Tulikula upepo ule tukalamba vidole, na baadaye tukala sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi.

Siku moja mdogo wangu alisema, "Leo twende Punia, kwa baba." Baba alikuwa ameenda Punia kutafuta kazi kwenye machimbo, njia ikakatika nyuma yake. Mama akawa anakunja na kukunjua pembe ya mkeka.

"Ile njia siijui," alisema. "Siwezi kuwapeleka pahali sijafika."

Ndiyo sababu mimi niliiamini njia ya Maulidi. Mtu anayekataa kumdanganya mtoto hata kwa kumfikisha kwa baba yake, huyo haongopi juu ya nyumba nyekundu.

Baba alirudi njia zilipofunguka, kwa miguu, amekonda kama ufito. Alikaa nasi miaka mizuri, akafa kwa ugonjwa kitandani mwake, na tulimshukuru Mungu hata kwa kitanda hicho. Lakini kule upande wa Lokandu hatukwenda. Amani nayo ina shughuli zake. Shule niliiachia darasa la sita, nikajifunza kushona, nikapata mashine yangu chini ya kibanda cha bati karibu na soko. Mdogo wangu alikua akawa dereva wa moto, yaani pikipiki ya kubeba abiria. Mama alikaa na mimi kibandani, ananitungia uzi kwenye sindano, anaongea na wateja.

Na mimi, mguu ukiwa kwenye pedali, nilikuwa njiani. Wateja wananijua. Wakiniona nimetoa macho na kitambaa kimesimama, wanauliza, "Leo umefika wapi?" Nawajibu, "Kwenye michikichi." Wanacheka, nami nacheka. Ila nilipofika kwenye nyumba nyekundu sikuwaambia. Ile ilikuwa yangu. Nilishaishonea mapazia kichwani, kila dirisha na rangi yake, na nilitamani kuiona mpaka moyo uliniuma, kama mtu anavyotamani kurudi kwao. Mimi ambaye sijawahi kufika.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Kwanza aliacha kutunga uzi. Baadaye akawa anatujua kwa rangi za nguo zetu. Muuguzi alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa kuutoa ukungu huo huja mjini mara mojamoja, tungojee. Tulikuwa bado tunangojea pale mteja mmoja aliyetoka kule mtoni alipotuambia kuwa mwaka huu, kijijini kwa mama, Maulidi itasomwa kama zamani, na matari yatatoka hata Kibombo.

Mama aliinuka. Alipapasa ukutani mpaka akaukuta mwiko wake mrefu, akaupangusa vumbi kwa kitenge.

Moyoni nikasema: lazima aione ile nyumba tena, na mimi niione pamoja naye, kabla ukungu haujajaa. Kwa mdomo nilisema tu, "Twende tukapike pilau."

Tuliondoka asubuhi, watatu juu ya moto moja: mdogo wangu mbele, mama katikati, mimi nyuma, na mwiko umefungwa ubavuni, mpini wake umetokeza kama bunduki.

"Yaya, watu watasema tunaenda kushambulia," mdogo wangu aliniambia mimi, dada yake.

"Tunashambulia pilau," mama alijibu. "Endesha."

Sijui kama kuna barabara nzuri kuliko ile. Mvua ilikuwa imepiga usiku, na kila palipotuama maji vipepeo walikuwa wamekaa chini kwa vikundi, wa njano na wa bluu. Moto ikikaribia waliruka wote pamoja, tukapita katikati yao kama maharusi. Mashamba ya mpunga yalikuwa mabichi mpaka ukingo wa msitu. Mbele ya nyumba watoto walikuwa wamepanga chupa za mawese na vifungu vya uyoga juu ya majani ya ndizi, wanatupungia bila hata kuuliza kama tunanunua. Kwenye vijito daraja lilikuwa magogo tu. Hapo mama alishuka, nikamshika mkono, tukavuka unyayo kwa unyayo, na mdogo wangu akaisukuma moto nyuma yetu huku akiiimbia kama inaogopa. Ndani ya msitu hondohondo walipita juu yetu, na mabawa yao yalitoa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Nilicheka peke yangu. Hata msituni mimi ni fundi.

Lakini njia ya mama sikuiona.

Nilipogeuka kuutazama mnara ukipungua, kona ya kwanza ilikuwa imeshauficha. Michikichi ilikuwa mingi isiyo na hesabu, na hakuna miwili iliyokuwa inasengenya. Nilitazama kuume, nilitazama kushoto, nikafuata kila ukuta wa nyumba uliojitokeza kwenye majani. Kuta zilikuwa za udongo wa kawaida, zenye mlango na kidirisha kimoja. Nilitaka kumwuliza mama. Sikuuliza. Niliogopa angenijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima: mwanangu, yale yalikuwa maneno ya kuwanyamazisha. Mama naye, katikati yetu, alikuwa ameuelekeza uso pembeni, anakodoa.

Ngoma tulianza kuisikia tukiwa bado msituni. Ilitugonga kifuani.

Kijiji kilikuwa kimefagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Bendera za kijani zilikatiza kutoka paa hadi paa, moshi wa udi ulikuwa umechanganyika na moshi wa kuni, na kuni zenyewe zilikuwa zimeletwa na majirani Wakristo, ambao walikuwa wamekaa hapo hapo kando ya rundo lao wakingojea pilau kwa haki. Wenye matari walikaa mistari miwili, kanzu nyeupe, wanainama na kuinuka kama majani ya mpunga upepo ukipita. Mdogo wangu alipotea huko mara moja. Mimi nilimpeleka mama nyuma, kwenye masufuria.

Alisimama pale ameshika mwiko, anageuza kichwa, hamjui mtu. Mwanamke mmoja mnene, mwenye kilemba cha zambarau, alimtazama, akautazama mwiko.

"Huu mwiko naujua," alisema. "Ulinipiga nao kwa mukono, mwaka ule nilionja pilau mbele ya wageni."

"Na ulionja mara ya pili," mama alisema.

"Yee! Bado uko hai, weye!"

Walikumbatiana mpaka kilemba kikaanguka. Alikuwa rafiki yake wa utoto. Alimkalisha kwenye kigoda, akamshika mashavu, akamwangalia macho, na sauti yake ikashuka.

"Unaona?"

"Naona rangi. Naona moto. Weye nakuona zambarau." Mama alijaribu kucheka, kicheko hakikufika. "Lakini naona yamekwisha kabisa, dada. Nimekuja njia yote, na nyumba nyekundu sikuiona. Hata wekundu wake. Nilikuwa natazama, natazama. Kama hata ile imenipita, basi hakuna kitu kimebaki."

Nilipiga magoti mbele yake pale pale kwenye majivu. "Mama, hata mimi sikuiona. Mimi mwenye macho. Nilitafuta njia nzima."

Alinigeuzia uso. "Hata weye?"

"Hata mimi."

Rafiki yake alimtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine. "Ngojeni kwanza. Mumepita wapi?"

"Barabarani," nilisema. "Kwa moto."

Mwanamke yule aliachia cheko, akapiga kofi mapaja yake, akawaita wenzake waache masufuria. "Njooni musikie! Huyu na mutoto wake wanaitafuta nyumba nyekundu kwa barabara! Bibi we, kwa barabara ungeonaje kitu kinachotazama mto? Siku hizo nani alikujaga Maulidi kwa barabara?"

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka.

Kumbe walikuwa wanakwenda kwa mtumbwi. Miaka yote ile kwenye mkeka mama hakutaja maji hata mara moja, na sikumlaumu. Kwa mtu wa mtoni, kusema nimekuja kwa mtumbwi ni kama kusema nimekula kwa mdomo. Mimi nilizaliwa mjini, karibu na reli. Ukiniambia njia, mimi naona udongo. Na yeye, kupanda moto au kupanda mtumbwi, safari kwake ilikuwa safari. Hakufikiri kuwa alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimeipa mgongo barabara.

Pilau ikiwa motoni, rafiki yake alinieleza jambo jingine, ambalo mpaka leo nikiwa kwenye mashine nalirudia. Wanawake wa kule wakienda kwenye karamu kwa mtumbwi hukaa wakiipa karamu mgongo. Wanatazama walikotoka.

"Ni adabu," alisema. "Usifike na macho mbele kama mutu wa njaa. Na ukirudi nyumbani, unaitazama karamu mpaka inapotea. Usikimbilie kwako kama mutu aliyeshiba."

Nikaelewa kwa nini kwenye mkeka wetu hakuna kitu kilichokuwa kinakuja. Mnara ulipungua, michikichi ilipungua, msitu ulifunga mlango nyuma, ngoma ilitugonga mgongo. Mama aliiona dunia nzima ikiwa imeshampita. Mimi utotoni nilidhani hivyo ndivyo kusafiri kulivyo.

Tulirudi kwa mto siku iliyofuata. Mdogo wangu alichukua moto peke yake, analalamika kwamba tunamwacha apambane na vipepeo. Sisi tulipanda mtumbwi mkubwa wa mota uliokuwa unawarudisha wageni Kindu, wanawake wengi, masufuria katikati, na nahodha nyuma anayetafuna mbegu ya kola. Wanawake wote walikaa kwa adabu, nyuso kwa kijiji. Mama naye alikaa hivyo. Mtumbwi ulikuwa bado haujapata mwendo alipoinuka nusu.

"Nigeuze," aliniambia.

"Mama, kaa, utatumwaga," nahodha alipaza sauti.

"Mutanimwaga nikiwa nimegeuka."

Nilimshika kiuno, nikamzungusha, akakaa uso mbele, tunakokwenda. Mtumbwi mzima ukampigia kelele.

"Ona huyu! Anakaa kama mwanaume!"

"Una njaa ya nyumbani kwako, mama?"

"Niko na njaa ya nyumba ya wengine," mama alijibu, na wale wa kijijini walielewa, wakacheka zaidi. Nami niligeuka, nikakaa naye, tukawa wawili tunaotazama mbele.

Mto Lualaba ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba visiwa vya majani vyenye ndege weupe waliosimama kama abiria wasiolipa. Tulipanda dhidi ya maji, polepole, mpaka matari hayakusikika tena. Mama alishika kidole changu kimoja, kama mtoto anavyoshika.

Mto ulipinda, na kule mbele, chini ya msitu, niliona mstari mwekundu.

Sikumwonyesha. Nilitaka aone mwenyewe. Mstari ulinenepa, ukawa utepe, ukawa ukuta: ngema ndefu ya udongo mwekundu, imekatwa wima na mto, inawaka kwenye jua la asubuhi kama kitambaa kipya kilichotandikwa. Kidole changu kilibanwa.

"Hii," mama alisema. "Njo hii." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Inakuja. Mimi sijawahi kuiona ikikuja."

Tulikaribia. Karibu na nyasi za juu niliyaona madirisha, matundu ya mviringo, meusi, yamepangwa kama vifungo kwenye shati. Safu ya juu tu. Nyingine zote zilikuwa zimefunikwa na maji.

"Wenyewe wako?" mama aliuliza. Alikuwa anatega sikio. "Siwasikii."

Ningeweza kusema wako. Lakini nilimkumbuka akikunja pembe ya mkeka. "Hawako, mama. Maji yako juu."

"Ni ndege," alisema. "Ndege wadogo, kifua cha rangi."

"Nimeshajua, mama."

"Wanachimba wakati wa maji ya chini. Maji yakipanda wanahama." Alifikiri. "Maulidi haikai pahali pamoja. Kila mwaka inasogea nyuma kidogo. Iko mwaka itaangukia maji ya chini tena. Hapo njo utawaona."

Hatukuhesabu ni mwaka gani, wala macho yake yatakuwaje mwaka huo. Alinisimulia tu rangi ya vifua vyao, na jinsi wote wanavyotoka kwa mara moja mtumbwi ukipita karibu, mpaka ukuta unaonekana kama umetupa cheche. Nilisikiliza, na nilitamani kuliko nilivyotamani nikiwa mtoto, kwa sababu sasa nilijua mahali penyewe na ningeweza kupagusa kwa kasia.

Tukawa sambamba nayo. Wekundu wake ulimwangukia mama usoni na kwenye kitenge. Wale wanawake wengine, nyuma yetu, ndipo walipoanza kuiona. Nilisikia mmoja anamwonyesha mwenzake. Kwao ilikuwa inaondoka. Mama hakugeuka. Mimi niligeuka, nikaitazama ikiwa ndogo, ndogo, majani yakianza kuimeza, sawasawa na alivyosema juu ya mnara.

"Umesalimia?" mama aliuliza, uso wake bado uko mbele.

Nilikuwa nimesahau.

"Ahaa. Nikushushe hapa? Rudi Kindu kwa miguu?"

Nilisimama, mkono mmoja kwenye bega lake, nahodha akanitukana, wanawake wakashangilia, nami nikapaza sauti kushinda mota:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Madirisha yaliendelea kupungua. Hata karibu hawakusema.